Kila Amina Ilimtaja Jirani

Mwalimu wetu wa kompyuta alikuwa bahili, na ubahili wake ndio uliotufundisha kusoma barua za watu wasiotujua. Shule yetu iko Bungoma. Wakati huo intaneti yote ya shule ilipitia laini moja ya simu, ile ile ya ofisi ya mwalimu mkuu. Sisi tukiingia mtandaoni, simu ya madam inakufa. Simu ikifa, madam mwenyewe anatokea mlangoni, na hakuna aliyependa kumwona madam mlangoni. Kwa hivyo mwalimu wa kompyuta alikuwa na amri moja, akiirudia kama mtu wa mnada: "Chukua, kata, soma!"

Maana yake ni hivi. Kuna watu duniani wanaoandikiana barua pepe kwa orodha. Unaandika barua moja, inawafikia wote waliojiandikisha. Mwalimu alijiandikisha kwenye orodha za wakulima wa uyoga, mafundi wa redio na sijui wafugaji wa nini, mpaka sanduku lake likajaa na likaanza kukataa barua. Hapo ndipo alipogundua kwamba huko ng'ambo kuna mtambo unaojiandikisha kwenye orodha kama mtu wa kawaida. Unapokea kila barua, unaihifadhi, na hautupi hata moja. Kisha unazipanga barua zile ziwe vikundi vya habari, na yeyote aliye na programu ya kusomea anaweza kuzivuta. Huulizwi jina. Huombi ruhusa. Unachagua kikundi, unavuta barua za miaka kwa mkupuo mmoja, unakata laini, madam anapata simu yake, nawe unasoma mpaka kengele ilie.

Barua zilijipanga kwa nyuzi. Ya kwanza inakaa juu, jibu lake liko chini limesogea ndani kidogo, jibu la jibu limesogea zaidi, kama ngazi inayoshuka. Ukitazama tu umbo la ngazi, kabla hujasoma neno, unajua hapa watu walikubaliana na pale walikaribia kutupiana viti.

Mimi elimu hiyo niliipeleka bwenini. Wale wa uyoga walikuwa wanatukanana kwa adabu isiyo ya kawaida, na mimi nikiwaigiza kila mmoja na sauti yake. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeamini kwamba uyoga unapenda kuimbiwa. Nilimwimbia mpaka matron akaja na slipa mkononi. Hiyo ndiyo kazi yangu pale shuleni, kuchekesha. Kemia niliwaachia wengine.

Familia yetu pia ilikuwa na orodha yake. Ankal, mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya yetu Shosho, yuko Ulaya anasoma, na ndiye aliyeianzisha ili watu wa Kitale, Nakuru, Nairobi na huko aliko wapate habari kwa pamoja. Mathe, mama yangu, alikuwa akienda saiba, duka la intaneti la karibu na stendi, kila Jumamosi kusoma nani kaoa, mahindi yanauzwa vipi, na ni mjomba gani ameokoka tena. Ankal aliiacha orodha wazi, yeyote aandike kutoka anwani yoyote, kwa sababu watu wetu wanasahau password na kila baada ya muda shangazi fulani anakuja na anwani mpya.

Kwenye majina ya waliojiandikisha kulikuwa na anwani moja ya ajabu, herufi na nukta nyingi kama jina la dawa. Hakuna aliyeijua. Shosho aliposomewa majina, aliamua papo hapo kwamba huyo ni msichana wa Kizungu ambaye Ankal anaogopa kutuonyesha. Tangu siku hiyo kila barua aliyotaka iandikwe ilimalizika na salamu: "Na umsalimie yule wetu asiyependa kujitambulisha. Mwambie tunamwombea." Ankal alidhani ni mzaha wa mama yake. Hakuuliza.

Basi mwaka huo, baada ya kura, mambo yaliharibika upande wa Kachibora, ambako Shosho ana shamba. Sitaeleza yote. Aliyekuwa huku anajua, na asiyekuwa huku hawezi kujua kwa kusoma. Shosho alikuwa peke yake nyumbani. Mzee wa ng'ambo ya mtaro, jirani yake wa miaka mingi, ambaye si mtu wa kabila letu, alimchukua akamficha kwenye ghala lake la mahindi, nyuma ya magunia. Vijana walipofika langoni kumuuliza, aliwaambia yule mama ameshaondoka, ametoroka na gari la maziwa. Aliapa. Walikuwa vijana wa kwao, wengine aliwasimamia ubatizo yeye mwenyewe, maana ni mzee wa kanisa. Kisha akawaingiza ng'ombe wa Shosho kati ya ng'ombe wake, kana kwamba ni wake. Mambo yalipopoa kidogo alimpitisha Shosho mpaka barabara kuu kwa trela ya trekta, chini ya turubai, na Shosho akafika kwetu Tuwan, mtaa wa Kitale, na viatu vya mke wa jirani miguuni.

Yule mzee alibaki kule kule, na wale vijana walibaki kule kule.

Sasa, lazima ujue jambo moja kuhusu ushuhuda. Katika kanisa la Shosho, mtu akikutendea wema husemi tu "Bwana ametenda." Unasimama, unamtaja aliyetumika, jina lake lote, anakaa wapi, alifanya nini. Mimi nilikuwa nikimtania Shosho kwamba anamwelekeza Mungu kama anayemtuma dukani: shuka hapo kwa posho mill wanakosaga unga, kata kona, uliza kwa mama mwenye mbuzi. Yeye hakucheka. "Ukimshukuru mtu bila kumtaja, Mungu atambariki nani? Abahatishe?"

Alipofika Tuwan alitaka kusimama Jumapili ya kwanza. Mathe akamkataza.

"Mama, hii Kitale imejaa masikio. Usimtaje huyo mzee hapa."

"Kwa hivyo ninyamaze? Mtu ameniweka hai, mimi ninyamaze?"

"Subiri tu."

Shosho alisubiri, na kusubiri kukamfanya mgonjwa. Hakula vizuri. Alikuwa anasema anamwibia yule mzee. Ndipo Mathe akapata wazo ambalo hata leo siwezi kumlaumu kwalo. Alisema: basi tuwaambie watu wa nyumbani peke yao, kwenye orodha. Hapo ni sisi tu.

Wakaenda saiba, Shosho na kitambaa chake cha Jumapili, akasema na Mathe akaandika. Jina la mzee, yote matatu. Ghala. Magunia. Kiapo cha langoni. Ng'ombe, pamoja na ile ya kahawia yenye sikio lililochanika, kwamba sasa inakula na ng'ombe za mzee na Mungu awalinde wote. Mimi wakati huo nilikuwa Bungoma, shule ilikuwa imefunguliwa, nikimwimbia uyoga.

Wiki kadhaa baadaye mwalimu alitupa kazi: kila mmoja atafute kikundi kimoja chenye habari za Afrika Mashariki, avute barua, aandike muhtasari. Nikaandika neno moja la kikwetu kwenye mahali pa kutafutia, kwa uvivu tu. Kikaja kikundi chenye jina refu la nukta nukta, na mwishoni kabisa jina la ukoo wetu.

Nilicheka kwa sauti. Ilikuwa kama kukuta nguo zako za ndani zimeanikwa kwenye ua wa mtu mwingine. Nikavuta, nikakata laini, nikamwita jirani yangu wa dawati. "Njoo uone, bana. Shangazi yangu anakula kabichi tu tangu mwezi uliopita na Ulaya yote inajua." Tulisoma ya kabichi. Tulisoma ya mjomba na mahari. Nilikuwa nimeanza kupanga sauti za kila mmoja kwa ajili ya bweni.

Halafu nikaona ngazi moja ndefu kuliko zote. Juu yake ilikuwa barua ya Mathe, na kichwa chake kiliandikwa USHUHUDA WA MAMA.

Niliisoma kimya. Mwenzangu akaniuliza, "Mbona huendelei?" Nikageuza kompyuta asiione.

Chini ya barua ile zilikuwa zimeshuka Amina. Amina kutoka Nakuru. Amina na Amina kutoka Nairobi. Bwana apewe sifa, Amina, kutoka kwa binamu ambaye sijawahi kumwona akiomba hata chakula. Na kwa sababu watu wetu wakijibu wanabonyeza tu kujibu, kila Amina ilikuja na barua yote ya Shosho imebandikwa chini yake, jina la mzee, ghala, kiapo, ng'ombe wa sikio. Waliojibu Amina ya mwenzao walibandika mara mbili. Kadiri walivyomwombea ndivyo walivyozidi kumtangaza.

Katikati ya Amina kulikuwa na barua fupi kutoka anwani ambayo sikuitambua. Ilisema hivi: *Bwana asifiwe wapendwa. Huyu mzee mwema anakaa upande gani wa posho mill? Tungependa kumshukuru.* Na chini yake, imesogea ndani kidogo, shangazi wa Nakuru alikuwa amejibu kwa furaha: *Ukitoka barabarani ni mkono wa kushoto, lango la bluu, kuna mti wa mparachichi. Barikiwa.*

Nilisimama nikamwambia mwalimu naomba simu. Ilikuwa lazima nipige nyumbani.

"Kuna nini?"

"Kuna mtu anaweza kuuawa."

Darasa lote likacheka. Yaani walicheka kwa moyo. Mmoja akauliza kama ni yule mzee wa uyoga. Si makosa yao. Mimi ndiye niliyewahi kuwaambia matron ameposwa. Nikasema tena, wakacheka zaidi, na nilipoanza kulia mmoja akapiga makofi kwa sababu niliigiza vizuri.

Mwalimu hakucheka. Alikuja akasoma pale nilipokuwa nimesoma. Alisoma polepole, kidole kwenye kioo. Kisha akaunganisha laini tena bila kumjali madam, akafungua mahali pa kutafutia habari za dunia nzima, akaandika majina matatu ya yule mzee.

Jibu lilikuwa moja. Mzee huyo, ambaye nadhani hajawahi kugusa kompyuta, alikuwa na ukurasa mmoja tu katika dunia yote, na ndio huo wetu. Mtu akitaka kujua chochote juu yake, angeambiwa kwamba aliwadanganya watu wake ili kumficha Shosho.

Mlango ukafunguliwa, madam, simu yake imekufa. Mwalimu hakusimama hata. Alisema tu, "Madam, dakika moja," na kwa namna alivyosema, madam akarudi nyuma na kufunga mlango taratibu. Mwalimu akanipa simu yake ya mkononi. Mtu aliyekuwa akizima taa za maabara mchana ili kuokoa stima alinipa simu akasema, "Ongea mpaka umalize."

Mathe hakuelewa mara moja.

"Ni orodha yetu. Ni sisi tu."

"Mathe, si sisi tu. Nimeisoma kutoka hapa shuleni. Sijajiandikisha popote."

"Umeingia na password yangu, wewe msichana?"

"Hakuna password! Ndiyo nakuambia. Hakuna."

Nikasikia mtu akiuza mboga za sukuma nyuma yake. Mathe akasema, "Ngoja niandike kwa orodha, niwaambie wanyamaze." Nikapiga kelele asiandike. Barua ya kuwaambia wanyamaze nayo ingehifadhiwa, ikae hapo juu na tarehe yake mpya, ikimwambia kila anayepita kwamba hapa kuna siri. Ilibidi wapigiwe simu, mmoja mmoja.

Nilipewa ruhusa ya kwenda nyumbani wikendi ile. Mwalimu alinipa disketi yenye uzi wote, ili tujue barua zipi zinafaa kufutwa. Nilikaa na ile disketi ndani ya soksi mpaka Kitale.

Nyumbani Tuwan, Mathe alikuwa amempata Ankal. Alimweka kwenye spika tumsikie sote, Shosho akiwa amekaa kwenye kochi na mikono mapajani.

"Sister, mimi nilidhani nawasaidia," Ankal alisema. "Mlikuwa mnalalamika masanduku yanajaa, barua zinapotea. Nikaona huo mtambo unaweza kutunza kila kitu. Yaani hata mkipoteza, iko. Nikajaza fomu."

"Na haikukuuliza kama ni mambo ya faragha?"

"Labda iliuliza. Kuna mahali pa kuweka alama, nadhani. Nani husoma hayo?"

"Sasa hiyo anwani ya nukta nukta ni ya nani?" Mathe akauliza.

"Ndiyo huo mtambo."

Shosho akainua kichwa. "Ni nini?"

"Ni mashine, Mama. Ndiyo inachukua barua."

Shosho akauliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "Kwa hivyo huna mtu huko?"

Nilitaka kucheka na sikuweza. Ankal alisema, "Hapana, Mama. Sina mtu." Shosho akaitikia kwa kichwa kana kwamba Ankal angemwona. Kwa miezi alikuwa amemwombea afya njema mtambo wa kuhifadhi barua, na mtambo nao ulikuwa umezipokea salamu zake zote na kuziweka.

Ankal aliiondoa ile anwani kwenye orodha jioni hiyo hiyo. Kwa hivyo kuanzia hapo barua mpya hazikwenda. Lakini zilizokwisha kwenda hazikurudi kwa kuomba tu. Wenye mtambo walitaka waonyeshwe kila barua moja moja, kwa namba yake. Hiyo ikawa kazi yangu. Kesho yake nilikaa saiba na disketi, nikashuka ile ngazi kutoka juu mpaka chini, nikitafuta kila Amina iliyobeba mzigo. Nilijua majina ya watu wangu wote kwa namna mpya, kwa kiasi walivyomweka yule mzee hatarini. Aliyesema Amina mara moja. Aliyesema mara tatu kwa sababu mtandao ulikwama akabonyeza tena. Binamu yangu asiyeomba alikuwa ameibandika barua yote na kuongeza jina la kanisa la mzee, ati ili mchungaji wake pia ashukuriwe.

Mathe naye alikuwa nje kwenye kibanda cha simu, akiwapigia. Nilimsikia akiongea na shangazi wa Nakuru, ambaye huhitaji spika kumsikia.

"Kwani nimekosa nini? Mtu wetu ameuliza njia, nikamwonyesha."

"Mtu wetu gani? Ni nani?"

"Si yuko kwa orodha."

"Ni nani, dada? Taja jina."

Shangazi alifikiri. Tunajua alifikiri kwa sababu pesa za simu zilikuwa zikiisha na bado hajasema kitu. Mwishoni akasema, "Lakini alianza na Bwana asifiwe."

Mpaka leo hatujui aliyeandika barua ile. Ankal aliandika kwenye anwani yake, hakujibiwa. Inawezekana alikuwa mtu mwema kweli. Nimeisoma mara nyingi, nikijaribu kumpa sauti kama nilivyowapa wale wa uyoga, na kila sauti ninayompa inamfaa. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Ilibaki kumwambia mzee mwenyewe. Mathe alitaka tungoje mpaka barua zifutwe, tumwambie mambo yamekwisha. Shosho akakataa.

"Yeye ndiye yuko huko. Tukingoja, tunamngojea nani?"

Simu ya mzee iliita bila kupokewa asubuhi yote. Shosho alikataa chai. Kila ilipokatika, Mathe alisema labda iko kwa chaji, labda yuko shambani, na kila mara nilimwona Shosho akiangalia miguu yake, ambayo bado ilikuwa imevaa vile viatu. Mimi nilijaribu mzaha mmoja kuhusu simu na mtandao wa Kachibora. Hakuna aliyeusikia, hata mimi.

Alipopokea, Shosho ndiye aliyeshika simu, ikiwa kwenye spika.

"Baba, ni mimi."

"Mama! Habari ya huko?"

"Si nzuri. Nimekukosea."

Akamweleza. Hakutaja mtambo wala orodha, hayo hakuyaelewa vizuri hata yeye. Alisema tu: nilitoa ushuhuda, nikakutaja, nilidhani wananisikia watu wangu, kumbe mlango ulikuwa wazi.

"Ulisema na ng'ombe?"

"Nilisema."

"Na ile ya sikio?"

"Nilisema, Baba."

"Basi ndiyo maana," mzee akasema. "Kuna vijana walikuja juzi. Wawili. Wakasimama kwa boma wakaangalia ng'ombe muda mrefu. Mmoja akaniuliza, hii ya sikio umeitoa wapi? Nikamwambia nimenunua Kitale, mnadani. Akacheka tu. Wakaenda."

Mathe aliziba mdomo. Inaweza kuwa walisoma. Inaweza kuwa wanaijua ile ng'ombe tangu zamani, ni ng'ombe inayojulikana. Mzee hakujua, na sisi hatukujua.

"Toka huko," Shosho akasema. "Njoo hapa Tuwan, kuna nafasi."

"Nitoke niende wapi, Mama? Nikitoka ndiyo nimekubali kila kitu. Hapa ni kwangu." Tulisikia akivuta pumzi. "Hao wa kompyuta, wafute. Waambie wafute haraka."

"Msichana wetu anafanya hiyo kazi sasa hivi."

"Vizuri. Na kitu kingine. Mkirudi, hata mkirudi kuvuna, ukiniona sokoni usinisalimie. Wewe pita. Mimi pia nitapita. Tuonekane kama watu waliokosana."

"Mpaka lini?"

"Sijui. Mimi nitawaambia watu uliondoka na deni langu. Usikasirike ukisikia."

"Sitakasirika."

"Haya. Bibi yako huku anakusalimia," alisema, akimaanisha mke wake, kisha simu ikakatika, au akaikata.

Barua zilifutwa. Ilichukua muda, kwa sababu wenye mtambo walijibu kwa adabu na bila haraka, kama watu wasio na ng'ombe wa mtu yeyote mikononi mwao. Nilirudi shule, na kila somo la kompyuta nilikuwa nikikivuta kikundi chetu kuangalia. Siku moja ngazi ndefu haikuwepo tena. Ya kabichi ilibaki, ya mahari ilibaki, na kati yake namba ziliruka. Lakini ukiandika jina la mzee kwenye mahali pa kutafutia, mistari miwili ya barua iliendelea kuonekana kwa wiki nyingine kadhaa, ingawa ukibonyeza hupelekwi popote. Mistari miwili ilitosha, jina lake na neno *alimficha*.

Nilimuuliza mwalimu kama sasa imekwisha. Alikuwa akipanguza kompyuta kwa shati lake.

"Kule kwenye mtambo imekwisha," alisema. "Lakini wewe ulisoma vipi?"

"Nilichukua, nikakata..."

Mtu mwingine yeyote aliyesoma kama tulivyofundishwa kusoma, anayo. Iko kwenye kompyuta yake, wala hakuna wa kumwomba. Niliirudisha ile disketi mwenyewe nyumbani muhula ulipofungwa, nikaikata vipande kwa makasi ya Mathe ya kushonea, akanigombeza kwa sababu ya makasi.

Mwisho wa mwaka tulikwenda Kachibora kuvuna kilichokuwa kimejiotea na kidogo ambacho mzee alikuwa amepanda upande wetu wa mtaro bila kumwambia mtu. Njia ilikuwa imetulia, lakini Shosho hakulala kule. Tulikuwa tunakwenda na kurudi. Siku ya soko tulisimama kununua vitunguu. Kabla hatujashuka, Shosho alinishika mkono akaniambia, "Ukimwona, macho chini. Na mdomo wako huo, leo uufunge."

Alikuja. Nilijua ni yeye kwa sababu Shosho aliacha kuongea katikati ya bei. Mzee alisimama kwa muuzaji wa pili kutoka kwetu akinunua kamba. Muuzaji wa vitunguu, mama wa hapo hapo, alimtazama yeye, akamtazama Shosho, akasubiri. Kila mtu pale sokoni alijua walikuwa majirani. Shosho aliinama akaanza kuchagua vitunguu kimoja kimoja, akivigeuza, akivirudisha.

"Huyo si ni jirani yako?" mama wa vitunguu akauliza.

"Ni mtu tunadaiana," Shosho akasema. "Hivi vimeoza."

"Havijaoza, mama. Ni vya jana."

Mzee aliipima kamba kwa mikono, akalipa, akapita nyuma yetu. Alipita karibu kiasi kwamba nilisikia harufu ya dawa ya ng'ombe kwenye koti lake. Shosho aliendelea kugeuza kitunguu kile kile mpaka hatua zake zikapotea kwenye kelele za soko.

Kisha, bila kuinua kichwa, akaniuliza polepole kwa lugha yetu: "Amekonda?"

"Kidogo."

"Umejuaje? Si nilikuambia macho chini?"

Nikamfungulia mfuko, bila mzaha. Alikiweka kile kitunguu kwenye mfuko, akamwambia yule mama aongeze vingine, vyovyote, hata vya jana.